Mti haungoji ruzuku iishe

Umewahi kuona mti unaoangusha majani mvua ikianza? Malawi wanauita msangu. Mahindi yanapohitaji jua, wenyewe umebaki matawi matupu, na majani yake yanarutubisha udongo. Kwa mkulima asiyemudu bei ya mbolea, hiyo si habari ndogo.

Ujuzi huu wa kupanda miti na mazao pamoja ndio vyuo vikuu vinausukuma. RUFORUM, mtandao ulioanzishwa 2004 wenye makao Makerere, Kampala, unaunganisha vyuo kama LUANAR cha Malawi na Chuo Kikuu cha Zambia. Vyetu, kama Nairobi na Egerton, vimo pia. Lengo ni mwanafunzi afanye utafiti wake shambani kwa wakulima, si maktabani tu.

Poa, lakini noma iko hapa: ruzuku ya utafiti ni ya miaka michache, msangu huchukua miaka mingi kabla ya kumfaa mkulima. Mwanafunzi akishavaa joho, nani atarudi kuuangalia?

Kwa hivyo komredi, chuo chako kikitangaza ushirikiano mpya, usishangilie picha za kutia saini. Uliza: pesa zikiisha, nani anabaki na mkulima?