Fundi wa Nyumbani: Amplifaya Inapovuma

Kijana mmoja wa Kilimarondo, wilaya ya Nachingwea, ametuandikia barua ndefu. Ameuza ufuta wake, akanunua transfoma na valvu mbili, akaunda kwa mikono yake amplifaya ya kutumia na kwaya. Sehemu nyingine alizichomoa katika redio ya marehemu babu yake. Siku ya kuiwasha, valvu ziliwaka vizuri, lakini spika ikavuma tu kama mzinga wa nyuki, na baada ya dakika chache valvu kubwa ikaanza kuwa nyekundu tumboni. Anataka tumwambie anunue kitu gani.

Bwana, usinunue kitu cho chote bado. Fedha za ufuta huishia dukani namna hiyo: leo valvu, kesho transfoma, na mvumo uko pale pale. Chombo chenyewe chaweza kukuambia kilipo kidonda, ukijua kukiuliza. Nawe msomaji uliye na kazi kama hii mezani, tufuatane.

Kwanza tuseme habari ya uhai. Redio ndogo za siku hizi hufanya kazi kwa volti chache, lakini ndani ya amplifaya ya valvu mna volti 250 hadi 300 na zaidi. Umeme huo huua. Wala usidhani ya kuwa ukichomoa plagi umekwisha salimika, maana zile kapasita kubwa hubaki zimeshika umeme. Chukua rezista ya omu 10,000 hivi, ya wati 5, uitie nyaya zenye mpira, uzigusishe katika ncha mbili za kila kapasita kubwa kwa muda wa sekunde kumi. Kisha pima kwa mita. Ikionyesha volti mbili tatu tu, ndipo utie mkono. Unapopima chombo kikiwa kimewashwa, mkono mmoja uwe mfukoni, viatu miguuni, na watoto wawe nje.

Barua yasema tena kwamba jirani amemshauri akate waya wa ardhi ili mvumo uishe. Pengine utapungua kweli. Lakini siku transfoma itakapoungua ndani, chuma chote cha amplifaya kitakuwa na umeme, na mwimbaji aliyeshika maikrofoni ya chuma ndiye atakayeupokea. Waya ule usikatwe kamwe.

Sasa tuiangalie redio ya babu. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, vijiji vingi havikuwa na umeme, kwa hiyo redio nyingi za vijijini zilitumia betri kavu, moja ya kuwasha valvu na nyingine kubwa, mara nyingi ya volti 90. Umeme wa betri umetulia, hauna mvumo. Soma herufi ya kwanza juu ya kioo cha valvu zake. Ikiwa ni D, hita yake yataka volti 1.4 tu, ukiipa volti 6.3 itakatika mara moja. Valvu za herufi E, kama ECC83 na EL84 alizonunua kijana wetu, ndizo za volti 6.3. Zile za babu ziwekwe kabatini kwa ukumbusho.

Kabla ya kuwasha tena, unga balbu ya wati 60, ile ya zamani yenye waya unaowaka ndani, katika njia ya umeme unaoingia. Balbu iking'aa kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikikaa inang'aa kama taa ya chumbani, zima, kwa maana pana nyaya zinazogusana. Na spika iwe imeungwa sikuzote. Kupiga sauti bila spika kwaweza kuiharibu transfoma ya kutolea sauti.

Basi, tusikilize mvumo wenyewe. Umeme wa gridi yetu hugeuka mara 50 kwa sekunde. Ukishapita katika rektifaya ya njia mbili, mvumo unaobaki ni wa mara 100. Mtu wa kwaya hana shida hapa, sauti ya 100 ni ileile ya 50 iliyopandishwa oktavu moja. Mvumo mzito wa chini, wa 50, watoka katika nyaya za hita zilizopita karibu na gridi, au katika waya wa maikrofoni usio na kinga, au katika nyaya za ardhi zilizofungwa huku na huku badala ya kukusanywa mahali pamoja. Mvumo wa 100 watoka katika umeme mkubwa wenyewe: mara nyingi kapasita za kusawazisha zimekauka kwa uzee. (Anayetumia umeme wa jua kwa inveta ya bei rahisi atasikia mkoromo wa namna nyingine. Na ajaribu chombo chake kwenye umeme mwingine kabla ya kukilaumu.)

Teremsha kitasa cha sauti mpaka mwisho. Mvumo ukitoweka, kosa liko kabla ya kitasa. Usipobadilika, liko mbele yake. Kisha zima, chomoa ECC83, washa tena. Ukiendelea kuvuma vilevile, valvu ya kwanza haina hatia. Kijana wetu amefanya hayo yote mawili, na mvumo haukupungua. Basi tumebakiwa na EL84 na umeme unaoilisha, nayo ndiyo hiyo inayokuwa nyekundu.

Hapa ndipo penye utamu wa kazi. Kati ya valvu hizo mbili iko kapasita ndogo ipitishayo sauti na kuuzuia umeme mkubwa wa valvu ya kwanza. Yeye ameitoa katika redio ya babu, nayo ni ya karatasi. Karatasi ikizeeka hunyonya unyevu, umeme ukavuja, gridi ya EL84 ikapata volti isizopaswa kuwa nazo. Valvu hapo hunywa umeme kupita kiasi, bamba lake likawa jekundu. Na kwa kuwa inakunywa mno, kapasita za kusawazisha hazitoshi tena, mvumo ukazidi. Kosa moja, ishara mbili.

Pima, usikisie. Gridi ya EL84 yapasa kuonyesha sifuri au karibu yake. Ikionyesha volti kadhaa za chanya, zima upesi. Pima pia volti juu ya rezista ya kathodi: ikiwa rezista ni ya omu 135, na anodi ina volti 250, utegemee volti 7 na kitu. Gawanya kwa 135, utapata miliampea 54 hivi, ambazo ni sawa. Ukiona volti 15 au 20, valvu yateswa. Fungua mguu mmoja wa ile kapasita ya karatasi, upande wa gridi, upime tena. Volti zikishuka, mwizi umemkamata. Weka mpya ya plastiki inayostahimili volti 400 au zaidi. Bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya valvu. Na usitegemee makubwa mno: EL84 moja hutoa wati 5 tu. Zatosha chumba cha mazoezi, si uwanja.

Huenda mvumo ukiisha pakazuka mlio mkali kama filimbi. Chomoa maikrofoni, uteremshe kitasa. Ukikoma, ilikuwa maikrofoni imekaa mbele ya spika. Usipokoma, tazama waya urudishao sehemu ya sauti kutoka transfoma ya spika kwenda valvu ya kwanza. Kazi yake ni kuituliza sauti. Ukiungwa kinyume huichochea. Zima, badilisha zile nyaya mbili za transfoma upande wa spika, hii iende ardhini na ile ichukue nafasi yake. Mlio ukizidi kuliko kwanza, zirudishe, kwani zilikuwa sawa, nawe utafute mahali pengine.