Turbo kwenye injini isiyozaliwa nayo: hatari iko kwenye visi ya pompi

Katika garaji za Bukavu, Goma na Butembo, ombi hili si geni: mwenye Land Cruiser ya mazutu, ile yenye injini 1HZ, anataka ifungiwe turbo. Gari inachoka kwenye mlima, inatoa moshi mweusi, na zile zinazotoka nyuma yake zinaipita. Fundi anaitika. Anatafuta turbo iliyotolewa kwenye gari lililokufa, anachomelea bomba, na juma lile lile gari inapanda kama kijana. Miezi michache inapita, kisha pistoni inapasuka ao kulasi inafanya ufa. Lawama inamwangukia dereva.

Wazee wa garaji wanamaliza mambo kwa neno moja: injini isiyozaliwa na turbo isiguswe. Neno hilo ni la busara kwa mtu wa Moanda, karibu na bahari. Kwa mkaaji wa Kivu halitoshi. Bukavu na Goma ziko kwenye mita karibu 1500, na mgandamizo wa hewa huko ni karibu asilimia 84 ya ule wa pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. 1HZ, yenye silinda sita na lita 4.2, ilitoka kiwandani na nguvu farasi karibu 130. Ikifika Bukavu inabaki na karibu 110. Pompi ya mazutu, isipokuwa ile iliyofungiwa chombo cha kurekebisha kufuatana na urefu wa mahali, haijui kama gari imepanda mlima. Inaendelea kupima kama iko baharini. Mazutu inayokosa hewa ya kuungua nayo ndiyo ule moshi mweusi.

Turbo ilipata kazi yake ya kwanza kubwa kwa sababu ya shida hiyo hiyo. Mswisi Alfred Büchi aliandikisha wazo lake mwaka 1905, lakini ndege za vita ndizo zililisukuma mbele, maana huko juu injini zilikosa pumzi. Mwaka 1918, mhandisi Sanford Moss wa kampuni General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty mpaka kwenye kilele cha Pikes Peak, Marekani, mita karibu 4300. Injini ile ilikuwa na nguvu farasi 350 chini. Kule juu ilibaki na 230 tu. Ilipofungiwa turbo ikafikia 356. Moss hakutafuta injini ya ajabu. Alirudisha kile ambacho mlima ulikuwa umechukua, na kidogo juu yake.

Kipimo hicho ndicho kinachokosekana Kivu. Kurudisha hewa ya pwani pale Bukavu kunaomba turbo isukume karibu bar 0.2. Turbo zinazofungwa kwenye 1HZ zinaweza kupita bar 0.5 bila shida. Hata hivyo, hewa peke yake si adui wa injini ya mazutu. Ikiongezwa hewa bila kuongeza mazutu, moto unaungua vizuri, moshi unapungua, na joto la ndani linaweza hata kushuka. Matata yanaanza siku ya pili, mwenye gari anaporudi na kusema hasikii tofauti aliyoitazamia. Hapo fundi anachukua bisibisi na kuzungusha visi ndogo ya pompi, ile inayopima mazutu. Nusu mzunguko, kisha nusu nyingine. Gari inaruka, mwenye gari anacheka, fundi analipwa. Joto linapanda pasipo mtu kuliona, kwa sababu mshale wa maji kwenye dashibodi haupimi moto ulio juu ya pistoni. Aluminiamu inayeyuka kwenye digri karibu 660, na pistoni zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu.

Kiwanda chenyewe kilionyesha tofauti. Toyota ilipotaka turbo kwenye injini ya lita 4.2 za namna hiyo hiyo, haikuchomelea bomba kwenye 1HZ. Ilitoa nyingine, 1HD-T, ambayo mazutu yake inaingia moja kwa moja juu ya pistoni, na mkazo wake wa hewa ulishushwa mpaka karibu 18.6 kwa 1, wakati ule wa 1HZ unapita 22. Katika 1HZ moto unaanzia kwenye chumba kidogo ndani ya kulasi, kwa hiyo joto la ziada linakaa pale pale kwenye chuma ambacho hakikuandaliwa kulibeba. Fundi anayesema injini hizo mbili ni ndugu hasemi uongo. Lakini ndugu hao hawakulelewa sawa.

Kwa hiyo mwenye gari anayetaka turbo angeanza kuuliza juu ya kipima-joto cha moshi, kile kinachowekwa kwenye bomba mbele ya turbo. Garaji ikijibu kwamba si lazima, heri aondoke na gari yake jinsi ilivyo. Radiatere isafishwe mbele ya kazi, mafuta ya injini yabadilishwe mara nyingi zaidi kuliko zamani, maana turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika juu ya utando mwembamba wa mafuta hayo. Na visi ya pompi ifungwe kwa alama ya rangi, ili kila mtu aone kama imeguswa.

Wenye magari wana jibu, na jibu lao lina uzito. Kwenye barabara za Kivu, gari inayopanda polepole inaingia usiku njiani, na kila mtu anajua maana ya kukutwa na usiku njiani. Dakika arobaini zilizopunguzwa kwenye mlima zinaweza kuwa usalama wa abiria kumi. Hilo ni kweli kwa gari yenye mzigo wake wa kawaida. Shida ni kwamba nguvu mpya haibaki kwa ajili ya kuwahi. Inageuka mara moja kuwa magunia matano zaidi. Na gari inayopanda na magunia hayo itashuka nayo. Kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, turbo haimsaidii mtu kitu. Pale kazi ni ya freni, na freni zimebaki zile zile za zamani. Pesa ya turbo ingeanzia hapo.

Juu ya taksi ndogo za esansi maneno ni machache: huko hewa ya ziada bila kurekebisha kompyuta inaweza kufanya esansi iwake mbele ya wakati, na injini inagonga mpaka kufa. Anayetaka gari ya esansi yenye turbo anunue iliyotoka nayo kiwandani.

Linabaki jambo la dereva. Yeye hakuomba turbo, hakuzungusha visi, lakini pistoni ikipasuka kazi yake ndiyo inayokwisha. Kama mwenye gari ameamua, basi amruhusu pia yale ambayo turbo inaomba: kushuka vitesi mlimani badala ya kukanyaga mpaka chini, kukataa gunia la mwisho, na nyuma ya kupanda kuacha injini izunguke polepole dakika mbili mbele ya kuizima. Leo wengi wanakatazwa hata hizo dakika mbili, kwa sababu zinakula mazutu.