Uzamili wa Kuku kwa Njia ya Masafa: Deni Letu Wanakiswahili

Wapo katika idara zetu wanaoangua kicheko wakisikia kwamba mtu anaweza kusomea shahada ya uzamili katika sayansi ya kuku, tena bila kuondoka kwake. Kicheko hicho kina sehemu mbili. Ya kwanza ni dharau kwa kuku mwenyewe, nayo haistahili jibu refu kutoka kwa watu wanaokula mayai. Ya pili ni shaka kuhusu masafa, na hii ina uzito wake. Rai yangu ni kwamba masafa ndiyo nguvu ya shahada ya namna hii. Udhaifu wake uko kwingine, nao unatuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja.

Mfano ulio bayana uko Uskoti. Chuo cha SRUC, kilichoundwa mwaka 2012 kwa kuunganisha vyuo kadhaa vya kilimo, kimefundisha kwa masafa shahada ya uzamili katika sayansi tumizi ya ndege wafugwao, ambayo kwa miaka mingi ilitunukiwa kwa jina la Chuo Kikuu cha Glasgow. Walengwa ni watu walio kazini: msimamizi wa mabanda, mtaalamu wa vyakula vya mifugo, na kadhalika. Barani Afrika, UNISA ya Afrika Kusini, iliyoanza kufundisha kwa njia ya posta mwaka 1946, ina uzamili wa kilimo unaofanywa kwa utafiti na tasnifu. Chuo Kikuu Huria cha Kenya nacho kilipata hati yake mwaka 2023, miongo mitatu hivi baada ya Tanzania kuanzisha chake kwa sheria ya mwaka 1992. Njia basi ipo, ingawa nyembamba (na ada inayolipwa kwa pauni haifai kutajwa mbele ya mwalimu wa shule ya msingi).

Kwa nini masafa yawe nguvu? Kuku hasubiri likizo. Yai huatamiwa siku 21. Kuku wa nyama huuzwa akiwa na wiki tano au sita. Na chanjo ya kideri ikikosekana, ugonjwa ukiingia waweza kulimaliza banda zima kwa siku chache tu. Mfugaji wa Thika mwenye kuku elfu moja hawezi kuwapa kisogo miaka miwili akakae bwenini. Akisoma kwa masafa, banda lake ndilo maabara yake. Hupima chakula alichowapa kuku na uzito walioupata, huandika joto la usiku na la mchana, huhesabu waliokufa na kutafuta sababu. Takwimu hizo mwenzake aliye chuoni hulazimika kuziombea ruhusa. Ni kweli kwamba kumpasua kuku aliyekufa na kuyasoma matumbo yake hakufundishiki kwenye kioo cha tarakilishi. Kozi isiyomdai mwanafunzi majuma kadhaa katika maabara kama zile za Kabete, au katika kituo cha Naivasha walikotokea kuku wa kienyeji walioboreshwa wa KALRO, ni ya kutiliwa shaka. Hata hivyo, hilo hutatulika kwa ratiba na nauli.

Lisilotatulika kwa nauli ni lugha. Mwanafunzi huyu anasoma huku akiishi miongoni mwa wafugaji, lakini tasnifu yake huandikwa kwa Kiingereza, na jirani aliyemruhusu kupima kuku wake hatafaidi hata ukurasa mmoja. Isitoshe, maarifa yenyewe huja yakiwa yamevaa hali ya hewa na sheria za kwingine. Anasoma namna ya kupasha banda joto katika majira ya baridi, ilhali tatizo la Kilifi ni jua. Anasoma kwamba Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vya waya vya mtindo wa zamani kwa kuku wa mayai kuanzia Januari 2012, ilhali hapa nchini wafugaji wanahimizwa kununua vizimba kama maendeleo. Nani atalijadili jambo hilo na mfugaji, na kwa maneno gani?

Wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa taaluma hii hawajakaa na nyanya zao. Kifaranga wa kiume hukua akawa pora, kisha jogoo. Wa kike huitwa tembe kabla ya kuanza kutaga, na akishazaa huwa koo. Kuku mwenye manyoya yaliyojipinda ni kidimu. Sayansi ya leo inatueleza kwamba jeni ya manyoya hayo humsaidia kuku kupoza mwili katika joto kali. Kumbe lililohitajika Kilifi lina jina lake la siku nyingi.

Pengo lipo, lakini si pale tunapolidhania. Chukua ugonjwa ambao wafugaji huuita kuhara damu, na wataalamu koksidiosisi. Jina la kwanza linataja dalili moja tu, na baadhi ya vijidudu vya ugonjwa huo humdhoofisha kuku bila damu kuonekana. Mfugaji anayeongozwa na jina husubiri damu asiyoiona, na dawa huchelewa. Hapo istilahi mbovu inaua kuku, na kuku hao ndio karo ya mtoto. *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ya TUKI ya mwaka 1990 ilitupa msingi, lakini haikukusudiwa kufika bandani.

Napendekeza kila tasnifu ya kuku inayoandikwa nchini, kwa masafa au ana kwa ana, iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa kumi hivi, usomwe na wafugaji walioshiriki katika utafiti kabla ya kutahiniwa. Msimamizi wa lugha atoke katika idara ya Kiswahili. Wenzetu wa tafsiri na isimu watapata data hai badala ya kutafsiri upya hotuba zilizokwisha kutafsiriwa, na kwa kuwa kozi ni ya masafa, mwanafunzi wa Maseno anaweza kushirikiana kwa baruapepe na mtafiti wa Kitui. Mwenzangu mmoja ameniuliza mwanafasihi anatafuta nini bandani. Nimemwomba ahesabu methali zetu zenye kuku.

Muhtasari huo utuzwe alama kumi kati ya mia. Zikipungua hapo, hakuna mtahiniwa atakayejisumbua.