MASHAURI YA NYUMBANI: Chawa Katika Vichwa vya Watoto



Mwezi huu twanena juu ya jambo ambalo watu hulificha kwa haya, nalo ni chawa wa kichwa. Wazazi na waalimu wa pwani yetu, tangu Mikindani hata Msimbati na vijiji vya kando ya Ruvuma, huuliza: Mtoto akionwa kuwa na chawa, je, mama amtunze nyumbani, ama ampeleke zahanati? Jibu letu ni kwamba nyumba ina kazi yake, na zahanati ina kazi yake. Lakini iko njia ya tatu, isiyo ya nyumba wala ya zahanati, nayo yaweza kuua mtoto. Tuanze na hiyo.

Njia hiyo ni chupa ya dawa ya mikorosho. Huku kwetu watu wengi wana shamba la mikorosho, na majira ya kupuliza dawa yakifika, chupa na mifuko ya salfa huwekwa ndani ya nyumba. Mzazi aona dawa yaua mdudu wa mkorosho, naye asema moyoni, Itamshindaje chawa? Lakini kichwa cha mtoto si gome la mti. Ngozi yake ni nyororo, tena imechubuliwa na kucha kwa kujikuna, na sumu hupenya humo ikaingia katika damu. Zile dawa za maji zilizo kali humtoa mtoto machozi na mate, humtapisha, humbana pumzi, hata kumtia degedege. Na salfa huunguza macho na ngozi. Ikiwa mtu amekwisha kumpaka mtoto dawa hiyo, amvue nguo, amwoshe kwa sabuni na maji mengi, kisha ampeleke hospitali mara moja; walio karibu na mji wa Mtwara waende Ligula. Chupa nayo aichukue, ili mganga aijue sumu yenyewe, wala asifiche neno kwa kuona aibu. Mafuta ya taa nayo hayafai: huunguza ngozi, hushika moto karibu na koroboi, na mtoto akiyameza huweza kuingia mapafuni.

Sasa na tumjue chawa mwenyewe. Aliye mzima ni kama punje ya ufuta. Haruki, wala hana mabawa. Hutembea tu, toka unywele hata unywele, vichwa vinapogusana, kama watoto walalapo mkeka mmoja, au wasichana waketipo kusukana. Hatoki katika mchanga, wala hachagui nyumba chafu na kuiacha iliyo safi. Jike hukaa kichwani kadiri ya mwezi mmoja, naye huweza kutaga mayai hata 8 kwa siku, akiyagandisha katika unywele karibu na ngozi. Mayai huanguliwa baada ya juma moja hivi. Chawa akianguka mbali na kichwa hufa kwa njaa, kwa kawaida kabla ya siku 2 kupita.

Kazi ya nyumba, basi, ni hii.

Kwanza, angalieni vema mchana, penye mwanga, nyuma ya masikio na kisogoni. Mba hupeperuka ukiipuliza, lakini yai la chawa hushika. Mabaka ya mviringo yaliyonyonyoka nywele huenda yakawa mapunye. Hayo yataka dawa ya kumeza kutoka kwa mganga.

Pili, mtoto asiyeona huzuni kunyolewa na anyolewe, maana chawa hatakuwa na pa kushika. Lakini kila kichwa kiwe na wembe wake mpya, kwa kuwa wembe mmoja kwa watoto wengi waweza kupitisha maradhi ya damu.

Tatu, msichana asiyetaka kunyolewa afumuliwe nywele, zilowanishwe na kupakwa mafuta ya nazi, zigawanywe mafungu madogo, kisha zichanwe kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, tangu ngozini hata nchani. Mafuta ya nazi si dawa ya hakika ya kuua chawa. Kazi yake ni kulainisha. Rudieni kila siku ya tatu kwa muda wa majuma mawili, ili wale walioanguliwa nyuma wapatikane kabla hawajataga. Achanaye mara moja na kuacha amejichosha bure.

Nne, vichwa vya watu wote wa nyumba viangaliwe siku ile ile, hata vya baba na bibi. Kanga, mitandio na foronya zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Hakuna haja ya kupuliza dawa chumbani.

Na kazi ya zahanati ni ipi? Mpelekeni mtoto kwa mganga akiwa na vidonda vyenye usaha, au matezi ya shingo yaliyovimba, au homa. Mwende pia ikiwa mwenye chawa ni mtoto mchanga au mama mjamzito; tena ikiwa majuma mawili ya kuchana yamepita na chawa wangali hai. Mganga aweza kutoa permethrini, iliyo sehemu 1 katika 100. Hiyo hupakwa katika nywele zilizooshwa, ikakaa dakika 10, kisha ikaondolewa kwa maji. Na kwa kuwa haiui mayai yote, hurudiwa baada ya siku 9 hivi. Mtoto wa chini ya miezi 2 asipakwe. Wala tusidhani kwamba dawa ya kununua hushinda kitana siku zote. Katika Uingereza na Marekani chawa wengi wamekwisha kuizoea dawa hii, na wazazi wengi wa huko wamerudia kuchana.

Neno kwa waalimu. Zamani chawa aliogopwa kwa sababu ya homa. Mwaka 1909 mganga Charles Nicolle, katika mji wa Tunis, alionyesha kwamba homa ya taifasi (si ile homa ya matumbo) huchukuliwa na chawa, naye akapewa tuzo ya Nobeli ya mwaka 1928. Lakini yule ni chawa wa mwili, akaaye katika nguo. Chawa wa kichwa hahesabiwi kuwa mchukuzi wa homa hiyo. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumfukuza mtoto shuleni. Mwalimu asimsimamishe mbele ya wenziwe, bali amwite mzazi kwa faragha. Mtoto akichekwa darasani leo, kesho mama yake atakimbilia ile chupa ya mikorosho, apate kuiondoa aibu kwa siku moja. Aibu huleta haraka, na haraka huleta sumu.

Mwamkumbuka Naamani, jemadari wa Shamu, jinsi alivyokasirika alipoambiwa aoge mtoni tu, maana alitazamia jambo kubwa. Sisi nasi twakidharau kitana kwa kuwa ni kitu kidogo. Wazee wetu husema, Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama na kitana chake, mwalimu na ulimi wake wa upole, mganga na dawa yake, na jirani aangaliaye watoto wake siku ile ile, hivyo ndivyo vidole vyetu.

Jumamosi hii, kabla ya kujiweka tayari kwa Jumapili, waketisheni watoto uani penye mwanga, mkawaangalie. Na dawa ya mikorosho mkaifungie mbali na nyumba ya kulala.

Mungu azibariki nyumba zenu.