Mizani Hupima Uzito, Kimo cha Mzigo Hakina Mpimaji

Kila itangazwapo habari ya basi au lori lililopinduka, watu huutaja mwendo wa kasi, kisha wakautaja ubovu wa barabara, nao hawasemi uongo. Lakini iko sababu ya tatu ambayo ni nadra kusikika, nayo ni kimo cha shehena.

Kila kitu kizito kina nukta moja ambayo twaweza kuihesabu kana kwamba uzito wote umekusanyika hapo, nayo ndiyo kitovu cha uzito. Teremsha timazi kutoka nukta hiyo: maadamu uzi waangukia ndani ya eneo lililozungukwa na magurudumu, gari, hata likiinama kwa namna ya kutisha, hutaka kurejea lilivyokuwa; lakini uzi ukishavuka ukingo wa eneo hilo, uzito ule ule uliokuwa ukilirejesha ndio unaoliangusha. Chukua gari ambalo magurudumu yake ya kushoto na ya kulia yameachana mita 2. Kitovu kikiwa mita 1 juu ya ardhi, litahimili kuinamishwa hadi nyuzi 45. Kipandishe hadi mita 2, bila kuongeza hata kilo moja, nalo litafika ukomo kwenye nyuzi 26 na nusu, na kwa hakika hata kabla ya hapo, kwa kuwa springi hulalia upande unaolemewa.

Wala si lazima barabara iwe imeinama. Katika kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 100, mwendo wa kilomita 72 kwa saa hulielemeza gari upande wa nje kwa nguvu ya khumsi mbili za uzito wake, na kilomita 90 huikaribisha nguvu hiyo na theluthi mbili. Ilhali gari letu lenye kitovu cha mita 2 hupinduka mara nguvu hiyo inapozidi nusu.

Huko Uingereza, aina ya basi la ghorofa hairuhusiwi kubeba abiria mpaka ithibitike kwamba laweza kuinamishwa nyuzi 28 lisipinduke, ghorofa ya juu ikiwa imejaa uzito wa abiria na ya chini ikiwa tupu. Kwetu, mizani za barabarani hupima uzito ulioko juu ya kila ekseli, jambo la maana kwa uhai wa lami, lakini hazimwambii mtu uzito huo umekaa kimo gani. Na basi lililofungiwa magunia juu ya keria hupita salama mbele ya kipimo hicho.

Nawasihi wakuu wa usalama barabarani waamuru keria zikaguliwe kila alfajiri stendi, kabla ya safari. Gunia la mchele likae kwenye buti na godoro likae juu. Na buti likishajaa, mzigo mzito usubiri basi jingine, hata kama mwenyewe amekwisha kulipa nauli yake.