Neno «moron» na ndugu yetu

Vijana, neno «moron» mnalisikia katika filamu za Kimarekani, na wengine mmekwisha kulirusha baada ya mazoezi ya kwaya, mkidhani ni namna ya kisasa ya kusema «zoba». Lina historia nzito zaidi. Mwaka 1910 mwanasaikolojia wa Marekani, Henry Goddard, alilitunga kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mpumbavu, ili kumtaja mtu mzima aliyepimwa akahesabiwa kuwa na akili ya mtoto wa miaka 8 hadi 12. Chini yake aliwekwa «imbécile», neno ambalo sisi tunalo kwa Kifaransa na ambalo hata wazazi huwatamkia watoto bila kusita. Goddard alitaka watu hao watengwe, wasizae. Wahamiaji maskini waliofika New York walipimwa kwa mkalimani, wakabandikwa jina hilo.

Katika Mathayo 5:22 Bwana Yesu anaonya juu ya anayemwita ndugu yake mpumbavu, na Injili ya Kigiriki inatumia shina lilelile alilolichota Goddard. Kwa maoni yetu, tusi hili halimlaumu mtu kwa alilotenda. Linamwondoa katika hesabu ya watu. Parokiani kwetu wamo vijana wenye ulemavu wa akili, nao husikia. Tungependa kila kikundi, kabla ya kufunga orodha ya wanachama, kipite nyumbani kwao na kuwaandika kwa majina yao ya ubatizo.