Tujengewe uwanja wa magongo magharibi mwa Kenya



Kila timu yetu ya taifa ya mpira wa magongo inaporejea kutoka mashindano ya Afrika ikiwa imefungwa na Afrika Kusini au Misri, maneno huwa ni yale yale: vijana hawakujituma, kocha afutwe, kikosi kibadilishwe. Baada ya wiki mbili hakuna anayezungumzia tena jambo hilo mpaka mashindano mengine yafike. Nimeifuata timu hii tangu ujana wangu na bado naipenda. Nasema lawama hizo zinawaangukia wasiostahili. Wachezaji wetu wanatoka magharibi mwa nchi, wanakulia kwenye nyasi za kawaida na udongo, kisha tunawapeleka kushindana juu ya nyasi bandia na watu waliozichezea tangu utotoni. Uwanja wa nyasi bandia ujengwe huku wanakotoka.

Huenda vijana wengi hawajui Kenya ilikuwa nani katika mchezo huu. Tulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne mwaka 1956, timu ya magongo ilikuwemo. Tokyo mwaka 1964 tulimaliza nafasi ya sita. Mwaka 1971, Kombe la Dunia la magongo lilipochezwa kwa mara ya kwanza, kule Barcelona, Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa bao moja kwa bila na wenyeji Uhispania, kisha ikaikosa shaba kwa kufungwa na India mabao mawili kwa moja katika muda wa ziada. Tukawa wa nne duniani. Ujerumani Magharibi walimaliza nyuma yetu, na mwaka uliofuata walitwaa dhahabu ya Olimpiki nyumbani kwao Munich. Avtar Singh Sohal, nahodha wetu wa enzi hizo, alicheza Olimpiki nne.

Wengi wa wachezaji wale walikuwa Wakenya wenye asili ya Asia, Masingasinga na Wagoa, waliolelewa na vilabu vyao vya Nairobi. Baada ya sheria za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967, familia nyingi zilihamia Uingereza na kwingineko, na chemchemi ya vipaji ikapungua. Papo hapo mchezo wenyewe nao ukabadilika. Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976, ndiyo ya kwanza ambayo magongo yalichezwa kwenye nyasi bandia. Kenya haikuwepo, kwa sababu tuliisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika. Moscow mwaka 1980 pia hatukwenda. Tuliporudi uwanjani Los Angeles mwaka 1984, tulikuta wenzetu wamekwisha zoea zulia hilo la nyasi bandia, na sisi tungali tunacheza kwenye nyasi za Mungu.

Hata hivyo tulijikakamua. Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika mwaka 1987, uwanja wa City Park ulitandikwa nyasi bandia, timu ya wanaume ikatwaa dhahabu, na mwaka uliofuata tukaenda Olimpiki ya Seoul. Huo ndio ushahidi ninaotaka wakubwa wautazame. Tulipopewa uwanja, tulifuzu. Tangu Seoul hatujakanyaga Olimpiki tena upande wa wanaume, na wanawake wetu hawajafuzu hata mara moja, ingawa klabu ya Telkom, ambayo leo inajulikana kama Blazers, ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika miaka nenda miaka rudi. Vipaji tunavyo.

Vipaji hivyo viko wapi? Tazama michezo ya kitaifa ya shule za sekondari. Utasikia St Anthony's ya Kitale, Friends School Kamusinga, Musingu, Nyamira Girls, Sinyolo, Tigoi. Kuanzia Trans Nzoia na Bungoma, ushuke Kakamega na Vihiga mpaka Kisumu na Siaya, huu ndio ukanda unaowalisha Polisi, Strathmore na vilabu vingine vya ligi kuu. Butali, timu ya kiwanda cha sukari kule Kakamega, imekuwa bingwa wa ligi zaidi ya mara moja. Lakini mtoto wa ukanda huu akitaka kuujua uwanja wa kweli wa magongo, itambidi apande basi hadi Nairobi, na wengi wao huliona zulia hilo kwa mara ya kwanza wakiwa wamekwisha maliza shule.

Muhula wa kwanza nilikwenda kutazama mechi za shule huku Trans Nzoia. Timu moja ya wasichana ikapata kona fupi. Mmoja akausukuma mpira kutoka mstari wa goli, mwenzake akalaza gongo chini ukingoni mwa nusu duara ili ausimamishe, na wa tatu akawa tayari nyuma yake kupiga. Mpira ukagonga kisiki cha nyasi, ukaruka juu ya gongo, ukapotelea katikati ya uwanja. Kona ya pili ikawa vivyo hivyo. Ya tatu wakaacha kabisa kuusimamisha: aliyekuwa akiungoja aliutandika papo hapo ukiwa bado unarukaruka, ukaingia wavuni. Tulishangilia sana, na walistahili.

Sasa mpeleke msichana huyo kwenye mashindano ya kimataifa. Huko mpira wa kona fupi husimamishwa ukatulia tuli, kisha mpigaji anauburuta kwa gongo na kuurusha pembeni mwa lango kabla kipa hajajinyoosha. Ndiyo silaha kubwa ya magongo ya leo, na mechi nyingi huamuliwa nayo. Ufundi huo haufundishiki kwenye udongo. Mabeki wetu nao wamezoea mpira unaopunguzwa kasi na nyasi, kwa hiyo ukiwajia juu ya zulia huwa umewapita kabla gongo halijashuka. Hakuna kocha, awe wa hapa au wa ng'ambo, anayeweza kusahihisha hayo kwa kambi ya majuma machache.

Nataja India kwa sababu wao pia walianguka baada ya nyasi bandia kuja. Walikuwa wafalme wa mchezo huu, lakini baada ya dhahabu ya Moscow mwaka 1980 walikaa miaka 41 bila medali ya Olimpiki. Mwaka 2018 serikali ya jimbo la Odisha iliamua kuzidhamini timu za taifa. Tena haikuishia kwenye jezi na mji mkuu wake. Ilijenga uwanja mkubwa wa Birsa Munda mjini Rourkela, katika wilaya ya Sundargarh, ambako watoto wa vijijini wamekuwa wakicheza magongo kizazi baada ya kizazi. Baadhi ya mechi za Kombe la Dunia la mwaka 2023 zilichezwa hapo. India ilipata shaba katika Olimpiki ya Tokyo, ikapata nyingine Paris mwaka 2024. Sisi Sundargarh yetu tunayo, ni huu ukanda wa magharibi. Tunachokosa ni uamuzi.

Najua jibu litakalotolewa: hakuna pesa. Mwaka 2025 tulipoandaa mashindano ya soka ya CHAN, viwanja vya Kasarani na Nyayo vilikarabatiwa, na wachezaji wa timu ya taifa ya soka, Harambee Stars, wakaahidiwa shilingi milioni moja kila mmoja kwa kila mechi watakayoshinda. Nilifurahi pamoja na kila Mkenya, na soka ipewe inachostahili. Naomba tu ukumbukwe mchezo uliotupa nafasi ya nne duniani. Siombi jukwaa la watu elfu sitini. Naomba zulia moja, mfereji wa maji ya mvua, uzio, taa na vyumba viwili vya kubadilishia nguo, katika mji ambao shule za ukanda huu zinaweza kuufikia kwa matatu asubuhi na kurudi jioni.

Kuna wanaosema pia kwamba nyasi bandia za magongo hunywa maji mengi, nasi tuna miji isiyo na maji ya kutosha hata ya kupikia. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu sasa linasukuma matumizi ya mazulia yasiyohitaji kumwagiliwa, na lile lililotumika Paris lilitumia maji machache kuliko ya awali. Nchi inayojenga leo ina nafasi ya kuanza na teknolojia mpya moja kwa moja.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni utunzaji. Zulia likiachwa bila kufagiwa na kuzibwa nyufa mapema huchakaa na kuwaumiza wachezaji magoti. Kwa hiyo uwanja ukijengwa, upewe msimamizi anayejulikana kwa jina na bajeti inayosomwa hadharani kila mwaka, na shule za umma zitengewe siku zao za mazoezi bila malipo. Tusijenge kwa ajili ya picha za uzinduzi.

Pamoja na hilo, wanaosimamia magongo watangaze kalenda ya timu za taifa mwanzoni mwa mwaka: kambi lini, mechi za kirafiki na nani, nauli itatoka wapi. Wachezaji wengi ni askari, wanafunzi na wafanyakazi wa viwandani wanaohitaji kuomba ruhusa mapema. Na sisi mashabiki tunataka kujua, maana mara nyingi husikia kuhusu safari ya timu ikiwa imekwisha ondoka.

Ombi langu kwa Wizara ya Michezo ni kwamba katika bajeti ijayo uwekwe uwanja mmoja wa nyasi bandia za magongo magharibi mwa Kenya. Kwa magavana wa ukanda huu, kaeni pamoja mtoe ardhi. Msigombanie uwe kwa nani, kwa kuwa watoto watakaoutumia ni wa kaunti zote. Kwa wazazi na walimu wakuu, wabunge wenu waulizeni swali hili kabla ya uchaguzi wa 2027. Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028 itafika miaka 40 tangu Kenya icheze magongo Seoul. Hata tusipofuzu safari hiyo, msichana anayeanza sekondari leo asimalize shule kabla hajacheza juu ya uwanja unaofaa.

Shabiki wa magongo,
Kitale